Kila usiku ni mtoto yule yule? Maswali yenu kuhusu Billy Elliot

Barua za safari hii karibu zote zinaongelea kitu kimoja, Billy Elliot, ile tamthilia ya muziki ya mtoto wa mchimba makaa ya mawe anayeacha ndondi na kukimbilia baleti. Naona wengi mmeiona, wengine laivu ukumbini na wengine kwenye ile rekodi iliyochukuliwa London mwaka 2014, alafu mmetoka na maswali kibao, nami nimefurahi kweli manake hii ni shoo ninayoipenda toka moyoni. Kwa ambao hawajaiona, ilianza kama filamu mwaka 2000, Jamie Bell ndo alikuwa Billy, alafu Elton John akaiona filamu hiyo kwenye tamasha la Cannes ikamliza, na yeye ndo akaja na wazo la kuipeleka jukwaani. Muziki akatunga yeye, hadithi na maneno ya nyimbo Lee Hall, mwongozaji Stephen Daldry, na dansi zote akazipanga Peter Darling. Ikafunguliwa rasmi ukumbi wa Victoria Palace, London, Mei 2005, ikakaa pale mpaka Aprili 2016. Haya, tuanze.

Anti shikamoo. Mi na mume wangu tumeenda kuona Billy Elliot, na sijawahi kuona mtoto anacheza vile, yaani nililia mpaka mtu wa siti ya pembeni akanipa tishu. Sasa tukiwa tunarudi tukaanza kubishana. Mi nasema huyo mtoto ndo anafanya shoo kila siku, mume wangu anasema haiwezekani, lazima wako wengi. Alafu akasema pia kuna ujanja wa jukwaani, kwamba mtoto wa miaka kumi na mbili hawezi kucheza hivyo kwa kweli. Nani yuko sahihi? – Mama Mapacha

Marahaba mwanangu. Kwenye la kwanza mume wako kapata, kwenye la pili kakosa kabisa.

Billy hachezwi na mtoto mmoja. Toka siku ya kwanza London wanakuwa watatu, wanne au zaidi kwa wakati mmoja, na wanapokezana, leo huyu kesho yule, na mara nyingi mwingine yupo nyuma ya jukwaa amekaa tayari endapo wa leo ataumia katikati ya shoo. Ndo maana zilipokuja tuzo za Olivier mwaka 2006, zile kubwa za tamthilia Uingereza, ya muigizaji bora wa kiume kwenye tamthilia ya muziki wakapewa vijana watatu kwa pamoja, James Lomas, George Maguire na Liam Mower. New York nako ikawa hivyo hivyo, shoo ilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za pale, Novemba 2008, na mwaka 2009 ikazoa tuzo kumi za Tony, ambazo ndo kubwa za tamthilia Marekani, ikiwemo ya tamthilia bora ya muziki, na ile ya muigizaji bora wakagawana David Alvarez, Trent Kowalik na Kiril Kulish, wawili wana miaka 15 na mmoja 14. Watu watatu tuzo moja, na mi naona walitenda haki, manake huwezi kumtoa mmoja ukasema huyu ndo Billy na wale wengine wasaidizi.

Sababu ya kupokezana ni kazi yenyewe. Shoo ni karibu saa tatu ukiweka na mapumziko, na Billy yupo jukwaani karibu muda wote. Kwenye hizo saa tatu anacheza baleti, anacheza tapu kwa vile viatu vyenye vyuma kwenye kisigino na kwenye ncha, anapiga sarakasi, anaimba peke yake, anaigiza matukio mazito ya mtoto aliyefiwa na mama, na yote hayo kwa lafudhi ya kaskazini mashariki mwa Uingereza ambayo hata Waingereza wenyewe wa sehemu nyingine inawasumbua. Kuna watu wazima wenye miaka ishirini kwenye fani wanaoweza vitu viwili kati ya hivyo, wachache wanaweza vitatu. Mtoto huyu anatakiwa vyote, na kesho yake kuna shule.

Sasa la ujanja. Mwambie baba mapacha kwamba hakuna mtu mwingine anayezunguka badala ya mtoto. Ile miguu ni yake. Wanapotafuta Billy hawatafuti mtoto aliyekamilika, hayupo, wanatafuta mtoto mwenye kitu kimoja kikali, labda ni bingwa wa dansi ya Kiayalandi kama Trent Kowalik, labda ametoka shule ya baleti kama Alvarez, labda ye kazi yake ni sarakasi, alafu wanamfundisha yale mengine yote kwa miezi na miezi, wengine hata miaka. Tom Holland, ndiyo, huyu huyu Spider-Man mnayemjua, alionekana kwenye darasa la dansi la mtaani, baleti hakuwa anaijua, ikamchukua karibu miaka miwili ya mazoezi kufika jukwaani mwaka 2008. Wazee walishasema ukiona vyaelea jua vimeundwa. Kwaiyo mtu akiniambia huyo mtoto "ana kipaji" namkubalia nusu tu, manake neno kipaji linafuta zile jioni zote alizokuwa kwenye chumba cha mazoezi wenzake wako nje wanacheza mpira. Kilichokuliza wewe mama ni kazi ya mtu, mtu mdogo lakini kazi yake.

Nimeiona mara mbili, wiki tofauti. Ule wimbo wa Electricity, pale kwenye usaili, mara ya pili mtoto alicheza tofauti kabisa! Alisahau au? – Fundi Sauti

Hakusahau. Peter Darling aliipanga ile dansi iweze kubadilika kwa kila Billy, mwenye sarakasi anapewa mizunguko ya hewani, mwenye baleti safi anapewa mizunguko ya mguu mmoja, hivyo hivyo. Muziki ni ule ule na maneno yale yale ila mwili unaongea lugha ya huyo mtoto. Na mi naona hapo ndo kuna akili kubwa kuliko sehemu yoyote ya shoo hii, manake hadithi inasema jopo la walimu wa shule ya baleti anayotaka kuingia linamuuliza Billy anajisikiaje anapocheza, ye maneno hana, kwaiyo anajibu kwa mwili. Ungempa kila mtoto hatua zile zile lisingekuwa jibu lake, lingekuwa jibu la mwalimu wa dansi.

Anti, kile kipande mtoto anapaa juu, ni waya? Mdogo wangu anasema ni teknolojia ya taa. – Mshindi wa Mabishano

Ni waya, na mkanda mgumu uliovaliwa chini ya nguo. Hicho kipande kinaitwa Dream Ballet, Billy anacheza na mtu mzima ambaye ni yeye mwenyewe baadaye akishakuwa dansa, wanacheza na viti, muziki ni Swan Lake ya Tchaikovsky. Ukikaa vizuri utaona waya unafungwa mgongoni huku dansi inaendelea, hawajaficha sana. Na mwambie mdogo wako kwamba waya haumchezeshi mtu. Mwili ukilegea angani unaning'inia tu kama nguo kwenye kamba, kwaiyo pale juu mtoto amekaza tumbo, mgongo na miguu mpaka kwenye vidole ili kule kupaa kuonekane ni kuruka. Jaribu hata kulala chini kwa tumbo ukanyanyua kifua na miguu kwa pamoja ukae hivyo dakika moja, utanielewa.

Mimi nilienda kuona mtoto anacheza, nikakuta polisi, mgomo, wachimba migodi wanagombana. Sijaelewa. Kwa nini wasimwache mtoto acheze tu? Naomba unieleweshe maana kuna sehemu watu ukumbini walikuwa wanalia na mimi nimekaa tu. – Msomaji Asiyependa Siasa

Ndugu yangu, swali lako ndo nililolisubiri, wala usione haya kuuliza, wengi wanatoka pale bila kujua mgomo wenyewe ulikuwa nini.

Hadithi iko kwenye kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika jimbo la Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, wakati wa mgomo mkubwa wa 1984 na 1985. Serikali ya waziri mkuu Margaret Thatcher na shirika la makaa la taifa lilitangaza kufunga migodi kama 20 na kupoteza ajira kama elfu 20, chama cha wachimbaji chini ya Arthur Scargill kikagoma. Mgomo ukaenda karibu mwaka mzima, toka Machi mpaka Machi. Sasa fikiria kijiji ambacho babu alishuka mgodini, baba kashuka, kaka kashuka, duka linauzia wachimbaji, klabu ni ya wachimbaji, na mwaka mzima hakuna mshahara. Watu wanakula kwenye jiko la pamoja. Anayerudi kazini anaitwa msaliti na haongeleshwi tena, pengine mpaka anakufa.

Ndani ya hali hiyo mtoto wa mgomaji anapewa hela ya darasa la ndondi, ye anaitumia kujifunza baleti. Ndo maana baba anapandisha hasira. Hasira yake imebeba vitu vingi, kamzika mke, hana kazi, kaka wa Billy anapigana na polisi, na heshima pekee iliyobaki ndani ya nyumba ni kuwa mwanaume kama wanaume wengine wa pale. Ukilijua hilo unaona kwa nini shoo haiwezi kumwacha mtoto acheze tu. Kucheza kwake kuna gharama, na gharama yenyewe wanailipa watu wengine.

Nikuoneshe sehemu mbili, ukipata nafasi ya kuiona tena uziangalie.

Ya kwanza ni wimbo wa Solidarity. Pale jukwaani kuna wasichana wadogo wa darasa la baleti na mwalimu wao, kuna polisi, kuna wagomaji, na wote wanacheza kwa pamoja, wanapishana, polisi na wachimbaji wanatukanana juu ya vichwa vya watoto na watoto wanaendelea na darasa kama hakuna kitu. Ukifuatilia, mwanzoni Billy anakosea kila kitu, mikono hajui aiweke wapi, na kadri wimbo unavyokwenda anapata, anapata, mpaka mwisho anazunguka vizuri. Yaani miezi ya mgomo na miezi ya mafunzo imepita ndani ya wimbo mmoja na hakuna aliyesimama kukutangazia. Na kumbuka kwamba mtoto anayecheza hapo tayari anajua, kwaiyo anaigiza kutokujua, na kukosea kwa makusudi huku unafuata muziki ni ngumu kuliko kupatia.

Ya pili ni ile inayofunga nusu ya kwanza, wanaiita Angry Dance. Siku ya usaili imefika, Billy kazuiliwa, nyumbani kumewaka moto, anaingiwa na hasira isiyo na pa kwenda. Hapo hakuna baleti nzuri, ni tapu, anapiga sakafu kwa visigino mpaka unaisikia kifuani, alafu inatokea safu ya polisi na ngao zao na anajirusha kwenye zile ngao, anarudishwa, anajirusha tena. Sikiliza vyuma vya viatu. Mwanzoni milio imepangika, unaweza kuihesabu, alafu inaanza kukimbia, inagongana, mpaka huwezi kutenganisha mguu wa kulia na wa kushoto. Mtoto hajasema hata neno moja na umeshajua kila kitu kilichomo ndani yake, na pia umejua kwamba kaka yake na baba yake wana hasira hiyo hiyo, wamekosa tu viatu vya kuitolea. Mi kwa maoni yangu zile dakika ndo shoo nzima.

Alafu nusu ya pili baba anamuona mwanae akicheza, na anaamua kurudi kazini, kuvunja mgomo, ili apate hela ya kumpeleka London kwenye usaili. Watu walikuwa wanalia hapo, ndugu yangu. Mwanaume anayekwenda kuwa msaliti mbele ya kijiji kizima, na mbele ya mtoto wake mkubwa, kwa ajili ya yule mdogo. Wenzake wanamzuia kisha wanachanga wenyewe, watu ambao hawana kitu. Mwisho mgomo umeshindwa na wachimbaji wanashuka chini na taa zao kofiani, na Billy anaondoka. Mmoja katoka na wote wamebaki, na shoo haikufichi hilo.

Na ujue siasa zake bado mbichi kwa Waingereza. Thatcher alipofariki tarehe 8 Aprili 2013, shoo ilikuwa na wimbo wa kumkejeli waziwazi, usiku ule ule watazamaji wa London wakaulizwa wapige kura uimbwe au usiimbwe. Wakasema uimbwe.

Anti habari. Mwanangu wa kiume ana miaka minane, toka aone Billy Elliot anazunguka sebuleni mpaka amevunja vitu. Anataka darasa la dansi. Baba yake anasema baleti ni ya wasichana na atachekwa. Mimi niko katikati. Na je, haitaharibu mifupa yake? – Mama wa Mzungukaji

Nzuri dada. Kwanza mpongeze, miaka minane ni umri mzuri tu wa kuanza, wala hajachelewa.

Nianze na baba. Usibishane naye kwa maneno, mpeleke akaangalie darasa. Nasema hivi kwa sababu mtu ambaye hajaona darasa la baleti anafikiria ni kunyoosha mikono na kutabasamu, akikaa pale dakika arobaini akaona watoto wanavyoshikilia mguu hewani mpaka paja linatetemeka, jinsi wavulana wanavyofundishwa kuruka na kutua bila kelele, anabadilisha mawazo mwenyewe. Wanaume kwenye baleti ndo wanaonyanyua wenzao juu ya kichwa, ni kazi ya mgongo na mapaja. Kucheka watamcheka, sikudanganyi, na hilo muongee naye mtoto mapema, nyote wawili, ajue kwamba nyumbani anakubalika hata huko nje wakisema. Kitakachomuumiza sana ni akichekwa nje alafu na ndani baba hayuko upande wake. Mwambie baba hivyo hivyo nilivyosema, taratibu, sio mbele ya mtoto.

Mifupa sasa. Dansi inayofundishwa vizuri haiharibu mtoto. Zile kazi za kusimama juu ya ncha za vidole kwa viatu vigumu kwa kawaida ni za wasichana tena wakishakomaa miguu, kijana wako haimhusu. Cha kuangalia ni mwalimu. Baleti inataka miguu ielekee nje, na huko kugeuka kunatakiwa kutoke kwenye nyonga. Ukiona mwalimu anashika nyayo za watoto na kuzisukuma nje wakati magoti yanaangalia mbele, mchukue mwanao muondoke, hapo goti linaminywa na akikua atalipia. Mwalimu mzuri anapasha watoto mwili kwanza kabla ya kuruka, sakafu yake ina mnepo kidogo sio zege tupu, na mtoto akisema anaumwa anaambiwa akae, haambiwi avumilie. Pia miezi ambayo mtoto anarefuka kwa kasi utamwona ghafla amekuwa mzito, mzunguko aliokuwa anauweza hauwezi tena. Asitukanwe wala asisukumwe, mwili wake umebadilika vipimo na kichwa bado hakijajua.

Na wakati mnatafuta darasa, mfundishe hiki ili aache kuanguka hapo sebuleni. Achague kitu kimoja ukutani usawa wa macho yake, kitasa, picha, chochote. Akianza kuzunguka uso ubaki unaangalia kile kitu, mwili uende wenyewe, mpaka shingo inafika mwisho, hapo kichwa kigeuke chap na macho yarudi pale pale kabla ya mwili kufika. Madansa wote wanafanya hivyo, ndo maana wanazunguka mara tano sita na hawapepesuki. Siku nyingine mkiangalia Billy mwambie aache kuangalia miguu aangalie kichwa cha yule mtoto, ataona. Na vitu vya kuvunjika ondoeni kwanza.

Samahani anti lakini mimi sikufurahi. Naona mtoto anatumikishwa. Masaa matatu jukwaani, usiku, watu wazima wanalipa tiketi na kupiga makofi. Tofauti na ajira ya watoto iko wapi? – Mwalimu Mstaafu

Shikamoo mwalimu. Sitakupinga haraka haraka manake unauliza kitu ambacho watazamaji wengi tunakikwepa tukiwa tumeshiba makofi.

Ni kazi kweli, na Uingereza sheria inaitambua kuwa ni kazi. Mtoto wa umri wa shule hapandi jukwaa la kulipia kwa mtindo huo bila leseni kutoka halmashauri ya eneo lake. Lazima awepo msimamizi aliyeidhinishwa na halmashauri, ambaye kazi yake ni mtoto tu, hata mwongozaji akitaka kurudia kipande mara moja zaidi msimamizi ana haki ya kusema basi, inatosha. Kuna ukomo wa saa, kuna mapumziko ya lazima, na masomo hayaruhusiwi kudorora, mtoto akikosa shule anawekewa mwalimu. Ndo moja ya sababu kule kupokezana hakukwepeki, ukiacha uchovu wenyewe.

Hiyo ndo sheria. Lakini sheria haikwambii mtoto anajisikiaje, na hapo mwalimu mi naona kipimo ni kimoja, je akisema leo siwezi, anasikilizwa? Shoo iliyojengwa na watoto wanne kwa nafasi moja inaweza kumsikiliza. Shoo ya mtoto mmoja haiwezi, ina tiketi zimeuzwa. Kwaiyo nikisikia kuna maonyesho mahali fulani yanajisifu kwamba mtoto wao mmoja anabeba shoo zote peke yake wiki nzima, hapo nakuwa upande wako bila kusita, na sinunui tiketi.

Kuna na hili la kuisha. Billy ana mwisho. Sauti ikianza kukwaruza na kuwa nzito, akirefuka akawa sawa na mwalimu wake kwenye jukwaa, kazi imekwisha, na kosa hana. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaagwa kwa shangwe na kesho yake yuko darasani na hesabu. Hilo linahitaji watu wa karibu wenye akili, walimu kama wewe.

Hao watoto wa Billy wako wapi sasa hivi? – Mdadisi

Wengi, siwamalizi. Tom Holland mnamjua. Liam Mower alikua akawa dansa kwenye kampuni ya mpangaji dansi Matthew Bourne, na kwenye ile shoo iliyorushwa laivu kwenye majumba ya sinema Septemba 2014 ye ndo alicheza Billy mkubwa, ile sehemu ya kiti niliyowaelezea, akicheza na Elliott Hanna aliyekuwa Billy wa siku hiyo. Aliyekuwa Billy akamfunga waya Billy. Mwisho wa shoo hiyo wakapanda jukwaani Billy wa zamani na wa wakati huo, jumla 25, wakacheza pamoja. Itafuteni rekodi yake ni nzuri. David Alvarez ye aliacha sanaa akaingia jeshini Marekani miaka kadhaa, alafu akarudi na kucheza Bernardo kwenye filamu ya West Side Story ya 2021.

Nataka kumpeleka binti yangu wa miaka sita. Na siti gani nikate, za mbele kabisa ni ghali. – Baba K

Baba K, miaka sita mi ningesubiri kidogo. Shoo ina matusi mengi, mazito, na watoto wenyewe ndo wanayatukana, ndivyo kijiji kile kinavyoongea na hawakutaka kukisafisha. Kuna vurugu za polisi, kuna mama aliyekufa anayemjia mtoto wake, na kuna barua yake inayosomwa ambayo watu wazima hawaivumilii. Akifika nane au tisa nenda naye, na umwambie kabla kwamba kuna mgomo, kuna mama amekufa, asije akashtukizwa.

Siti usihangaike na za mbele. Ukikaa mbele kabisa chini jukwaa linakukata miguu ya dansa, na shoo yenyewe ni miguu, utakuwa umelipa hela nyingi kuona magoti. Kata balkoni ya kwanza katikati, pale unaona sakafu yote, unaona polisi na wachimbaji wanavyopishana kwenye Solidarity, mistari yao inavyoungana na kuachana, kitu ambacho wa mbele hawakioni kabisa. Ukikosa katikati chukua pembeni lakini balkoni hiyo hiyo, usishuke. Na kabla hamjaingia ulizeni pale mlangoni Billy wa leo ni nani, mara nyingi jina linabandikwa, mwonyeshe binti alisome, ili wakati wa makofi ajue anampigia nani.

*Barua za toleo lijalo tunapokea za tamthilia na dansi za aina yoyote, na mkituma semeni mmeiona laivu au kwenye rekodi, inanisaidia kuwajibu.*